Hisa za Ubongo wa Chuma

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ndivyo walivyosema wazee, na wazee tuwasamehe kwa sababu hawakuwahi kukutana na Anselme Bahizire. Mjini Bujumbura, katika mwaka wa saba wa uhuru, yule aliyemshinda mama yake na ulimwengu ukachoka naye alifunzwa na Bahizire, saa sita na nusu mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, malipo mbele.

Bahizire alikuwa ametoka Bukavu na sanduku moja la bati, tai mbili, na Kifaransa cha kutosha kumnyamazisha mtu yeyote asiyekuwa Mfaransa. Alipanga chumba Kinama, na kila asubuhi alishuka mjini kwa miguu, viatu mkononi mpaka lami ilipoanza, kwa sababu mtu mwenye vumbi kwenye viatu haaminiwi na makarani. Kazi hakuwa nayo, wala hakuwa anaitafuta. Alikuwa anatafuta watu wenye kazi, ambao kwa maoni yake walikuwa na faida kuliko kazi yenyewe.

Jumanne moja aliwakuta uani, nyuma ya ofisi ya wanunuzi wa kahawa karibu na bandari. Ofisi ilikuwa inasafisha stoo. Mlinzi alikuwa amewasha moto na kutupa ndani yake kadi za karatasi ngumu, zenye rangi ya maziwa yaliyoganda, zilizotobolewa vitundu vidogo vidogo. Makarani wanne, kalamu masikioni, walisimama kuuzunguka moto huo kama watu waliofika msibani bila kujua nani amekufa.

Bahizire aliuliza kadi hizo ni za nini. Karani mwembamba aitwaye Ildephonse akamweleza kwa sauti ya chini. Zilitoka Ulaya, zikaletwa huku kwa makosa ndani ya makasha ya mizani. Huko Ulaya wakubwa wao walikuwa wamenunua mashine iitwayo ordinateri, na kadi hizi ndizo chakula chake. Ikila kadi, inatoa hesabu ya mwezi mzima kabla mtu hajamaliza kukohoa. Makarani arobaini walikuwa wamekwisha rudishwa nyumbani.

"Sasa siku ile mashine itafika huku," Ildephonse alisema, "sisi tutakula nini? Hizi kadi?"

Wapo watu wanaotazama moto wakaota. Bahizire aliutazama akaona hofu, na hofu ya mtu mwenye mshahara ni duka lililoachwa wazi na mwenyewe kaenda kuoga. Alimpa mlinzi bei ya chupa mbili za bia, akaliokoa kasha la mwisho, lenye kadi zaidi ya elfu. Kisha akawageukia makarani, polepole, kama daktari anayeleta majibu.

"Musiogope mashine," alisema. "Muogope jirani yako atakayeielewa kabla yako."

*

Shule inahitaji paa. Paa alilipata Buyenzi, kwa Asiya binti Massoudi, mjane na fundi wa nguo, ambaye ukoo wake ulikuwa umekaa mtaa ule tangu kabla barabara zake hazijapewa namba. Nyumba aliyoachiwa na baba yake ilikuwa na sebule pana ya mbele. Nusu moja ilikuwa na cherehani, jiko la pasi na meza ya kukatia. Nusu ya pili ilikuwa tupu. Asiya hakuwa msemaji, hasa kwa kuwa saa nyingi za mchana mdomo wake ulikuwa umejaa pini. Bahizire aliuhesabu ukimya huo kuwa ujinga. Wanaume wengine wa Buyenzi waliwahi kufanya kosa hilo, ila wao waliligundua mapema.

Walikubaliana kodi. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulipa ada kwa profesa mwenye suruali iliyopauka magotini, Bahizire alileta mita nne za kitambaa cha kijivu ashonewe suti.

"Na mabaki?" Asiya aliuliza baada ya kutema pini.

"Mabaki ni ya fundi, dada. Kama kawaida."

Ndiyo kawaida. Buyenzi, kama kila mahali penye sindano na uzi, mteja huondoka na nguo yake, na kilichobaki mezani ni cha fundi, na hakuna kadhi wala mahakama iliyowahi kubishana na jambo hilo. Mabaki ya suti ya Bahizire yalitosha sketi ya Sikuzani, binti ya Asiya. Bahizire alipoiona sketi hiyo ikipita mlangoni alicheka sana. Akasema hiyo ndiyo faida safi, kupata bila kununua, na kwamba siku moja ataifundishia.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Aliichagua saa ya mapumziko, pale ofisi zote zinapofungwa hadi saa nane na mji mzima wenye mshahara unakwenda nyumbani kula na kulala. Alisema wazi kwamba mtu anayelala mchana wakati Ulaya wanatengeneza ubongo wa chuma asishangae akiamka hana kazi. Walikuja ishirini na watatu. Ildephonse alikuwa wa kwanza. Akaja Scholastique, mpiga taipu katika ofisi ya ardhi, mwanamke mwenye vidole vyepesi na maswali mazito. Akaja pia mzee Atumani, muuza vipuri vya magari, ambaye hakuwa na mshahara wa kupoteza, bali alikuwa hapendi jambo lolote lifanyike Buyenzi bila yeye kuwepo.

Na hapa inabidi tuseme ukweli hata kama unamharibia Bahizire sifa: alikuwa mwalimu mzuri. Miaka tisa huko Bukavu alikuwa tarishi, amebeba mafaili ya watu wanaojua mambo, na faili ni kama mtoto, ukilibeba muda mrefu utajua linalia nini. Ubaya wake ni kwamba aliwaeleza watu mambo mpaka wakaelewa, na tapeli mwenye busara hafanyi hivyo.

Aliwaambia ordinateri haina akili hata ya kuku. "Inajua maneno mawili: kuna tundu, hakuna tundu. Ni kama mukwe anayejibu ndiyo na hapana tu. Lakini anajibu mara elfu kwa dakika, na hachoki, na haombi nyongeza." Scholastique akauliza ikiwa karani atatoboa tundu pasipotakiwa, mashine itajua? "Apana. Itakosea sawasawa na karani, lakini kwa haraka zaidi." Darasa likaandika.

Aliwaeleza bei. Aliuliza kwa nini ndagala, dagaa wa ziwa lao, huwa ghali mwezi ukiwa mpevu. Kila aliyekulia kando ya ziwa anajua: wavuvi huwavuta samaki kwa taa, na mwezi ukiangaza taa haimdanganyi samaki, wavu unapanda mtupu. "Basi bei haikupanda kwa sababu mama wa sokoni ana roho mbaya," Bahizire alisema. "Imepanda kwa sababu mwezi umetoka. Kichache kinachotakiwa na wengi, hicho ndicho ghali. Ukitaka kuwa tajiri, usiuze ndagala. Uza mwezi."

Hiyo ya kuuza mwezi ilimtoka bila kupanga, na jioni ile alitembea hadi Kinama akijisifu njia nzima.

Siku nyingine alitoa noti mfukoni, akauliza kwa nini mwenye duka anaipokea ilhali hailiki wala haivaliki. Walijibu hiki na kile. Akawaambia anaipokea kwa sababu anaamini kesho kuna mwingine atakayeipokea kwake, basi.

Kutoka nyuma, cherehani ikanyamaza.

"Na siku ile mutu wa mwisho atakataa?" Asiya aliuliza.

"Dada Asiya," Bahizire alisema kwa upole wa mtu anayelipa kodi, "we endelea kushona."

Cherehani ikaendelea.

*

Wiki ya tatu, walipokuwa wameiva, aliwaletea ile habari yenyewe. Kulikuwa na kampuni. Bado changa, bado ya siri, jina lake Kampuni ya Ubongo wa Chuma. Ingeleta ordinateri ya kwanza Bujumbura na kuikodisha kwa ofisi zote kwa saa. Na ofisi itakayokodisha itahitaji watu wa kuilisha kadi. Nani watapewa kazi hiyo? Wenye hisa.

Mzee Atumani akataka kujua hisa ni kitu gani hasa.

"Ni kipande cha ng'ombe asiyechinjwa, mzee wangu. Ng'ombe anabaki mumoja, hai, na kila mwenye kipande anakunywa maziwa."

"Na kama ni dume?"

Darasa lilicheka, na Bahizire alicheka kuliko wote, maana huyo ng'ombe hakuwa dume wala jike.

Hisa yenyewe ilikuwa kadi moja yenye matundu, kwa faranga mia tatu. Ildephonse, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuandika majina ya watu kwenye karatasi, aliomba jina lake liandikwe. Bahizire alikataa kata kata. Majina yaliyoandikwa husomwa, na wasomaji wengine huvaa sare na kubeba pingu. Lakini hilo hakulisema. Alisema hisa ya kisasa haina jina. "Ni ya yule anayeishika mukononi. Soko haliulizi umeipata wapi. Linauliza unayo ao hauna."

Hata hivyo kadi tupu haikumridhisha. Ilionekana kama kadi tupu. Alitaka kitu cha kuipa heshima, kama utepe kwenye hati za serikali, na ndipo macho yake yakaenda nyuma ya sebule, kwenye cherehani. Alimwomba Asiya ashone mstari wa uzi mwekundu pembeni mwa kila kadi, ule mshono wa kupinda kama nyoka ambao mguu wake tu ulijua kuutoa. Angemlipa faranga tano kwa kila kadi. Kasha likawekwa chini ya meza ya kukatia, ili fundi awe na mali karibu.

"Nishone zote?"

"Apana. Nitakuambia ngapi."

"Na zile zitabaki?"

Bahizire alikuwa anafunga tai mbele ya kioo cha wateja, na fundo lilikuwa limekataa kukaa katikati.

"Mabaki ni ya fundi, dada," alisema. "Kama kawaida. Washia nazo pasi."

Asiya aliwashia nazo pasi. Nyingine alizikata vipande vya kutia ndani ya kola za mashati zisilale. Kwa darasa, Bahizire alitangaza kwamba uzi huo hauigiki na mtu yeyote duniani, na kwa hili hakudanganya. Haukuigika na mtu yeyote isipokuwa fundi mwenyewe.

Aliuza kadi mia moja na ishirini kwa siku sita, kisha akafunga. Zimekwisha, alisema kwa huzuni, mwezi umetoka. Ildephonse alikuwa amenunua kumi na nane, akiba ya miaka miwili na sehemu ya mahari ya mdogo wake. Scholastique alikuwa na tano.

Ijumaa ile Bahizire alifanya jambo ambalo wajanja wadogo hawathubutu. Alileta sanduku lake la bati darasani, akalifungua mezani, noti zote zikaonekana. Akasema kampuni haimfungi mtu kamba. Anayetaka kuuza hisa yake auze sasa, kwa mia tatu na kumi. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Mzee Atumani peke yake akasimama, akauza mbili, akahesabu noti, akatoka akitabasamu. Jumatatu alirudi amekonda. Mke wake Dative alikuwa amemuuliza ni mtu gani anayeuza ng'ombe siku ya kuzaa. Akazinunua tena zile mbili kwa mia tatu na thelathini, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuuza. Sanduku likiwa wazi hakuna anayetia mkono. Likifungwa ndipo watu hulivunja. Bahizire aliijua sheria hii, na aliipenda kama mtu anavyompenda mama yake.

Angeweza kuondoka hapo. Meli ya Kigoma ilikuwa inapakia. Lakini Ildephonse alikuwa na shemeji, Gaspard, mwenye mashamba ya kahawa na malori mawili Kanyosha, na Gaspard alikuwa amesikia. Alitaka kununua hisa mia mbili kwa mpigo, ikiwa kampuni itatoa mkupuo wa pili. Sharti lake lilikuwa moja: aje Ijumaa, aone kwa macho yake sanduku likifunguliwa na watu wakikataa kuuza. Bahizire alipiga hesabu. Mkupuo wa pili ulikuwa unazidi wa kwanza. Akanunua tiketi ya Jumamosi.

Jumatano alimpa Asiya koti lake alipanue kidogo kiunoni, kwa kuwa mafanikio yalikuwa yameanza kukaa hapo. Alipokwenda kulichukua Alhamisi, Asiya alimrudishia kwanza vilivyokuwa mifukoni, vimepangwa ndani ya kisahani, kama fundi yeyote anavyofanya kabla ya kutia koti pasi: kalamu, leso, kichana, tiketi. Bahizire aliitazama tiketi, akamtazama mwanamke. Huyu hakuwahi kukaa kwenye dawati lolote. Alisoma chuo cha Kurani, Kiarabu tu. Bahizire akachukua vitu vyake na kumshukuru.

"Safari njema," Asiya alisema.

"Safari gani?"

"Ya Kinama, mwalimu. Jua ni kali."

*

Ijumaa sebule ilijaa mpaka mlangoni. Gaspard alikaa mbele, mkoba magotini, mikono juu ya mkoba. Bahizire aliongea vizuri kuliko siku zote. Akalifungua sanduku, akalielekeza kidogo upande wa Gaspard.

"Bei ya leo ni mia tatu na makumi tano. Kampuni haimulazimishi mutu. Nani anauza?"

Kimya. Kimya kitamu, kile alichokuwa anakifanyia kazi kwa mwezi mzima. Gaspard akaanza kufungua mkoba.

Cherehani ikanyamaza.

Asiya alitoka nyuma, ushungi mabegani, pini zote zimo kwenye mto wake na mdomo mtupu. Mkononi alishika kadi, zimefungwa kwa kamba ya nguo, fungu nene kama tofali. Akaliweka mezani.

"Mi nauza," alisema.

Bahizire alitabasamu, maana uso wa tapeli hutabasamu wenyewe wakati mwenyewe anazama. Alijua aliuza mia moja na ishirini. Alijua ziko kwa nani na nani. Fungu hili lilikuwa la kadi mia, na kila moja ilikuwa na uzi mwekundu unaopinda kama nyoka.

"Dada Asiya," alisema taratibu, "hizi umezitoa wapi?"

"Mwalimu, ulisema soko haliulizi hivyo."

"Ni kweli," alisema Scholastique, akifungua daftari. "Alisema. Ninayo hapa."

"Ni za aliyezishika mukononi," mzee Atumani aliongeza, akiwa na furaha ya mtu aliyekumbuka jibu. "Na anazishika, si tunaona?"

Bahizire alitafuta mlango wa kutokea. Kusema ni za bandia? Uzi ulikuwa haujaigwa na mtu yeyote duniani. Kusema aliziiba kwenye kasha? Basi kulikuwa na kasha, na lilikuwa na elfu, na kile kilichoitwa kichache kilikuwa kinatumika kuwashia pasi. Kufunga sanduku? Macho ya Gaspard hayakutoka juu yake. Bahizire alihesabu kwamba akilipa bila jasho, Gaspard atavutiwa, na mkoba ule utaziba pengo lote. Huo, nao, ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili.

Akaanza kuhesabu noti. Asiya alihesabu nyuma yake kwa sauti ndogo. Noti zilipungua, sanduku likaonyesha kutu ya chini, na alipofika kadi ya tisini na tisa ilikuwa imebaki sarafu moja na msumari.

"Hiyo moja kaa nayo, mwalimu," Asiya alisema. "Ukumbusho."

Akazifunga noti kwenye pindo la khanga na kurudi kwenye kiti chake.

Gaspard aliufunga mkoba. Hakuwa amesoma somo hata moja, lakini alikuwa ameuza kahawa miaka ishirini. "Mwenye nyumba yenyewe akiuza yote," alimwambia Ildephonse, "we unangojea nini?" Akatoka, na lori lake likasikika likiwaka.

Ildephonse alisimama. Alikuwa ameshika kadi zake zote kumi na nane.

"Na mi nauza," alisema.

"Marafiki," Bahizire alianza, "leo tuna somo jipya, na jina lake ni subira."

Hakuna aliyeandika. Viti vilisogea. Mzee Atumani, ambaye hakutoka dukani bila spana kubwa ya magurudumu, alikwenda kusimama mlangoni nayo, akaanza kuifuta mafuta kwa leso kwa umakini usio wa lazima. Scholastique alimuuliza profesa, kwa adabu, ikiwa hii ndiyo ile siku ambayo mtu wa mwisho anakataa. Ildephonse alizihesabu kadi zake upya. Alikuwa anamfikiria mdogo wake na mahari yake, na machozi yalikuwa yamekwisha fika.

"Kadi yenye uzi wangu," Asiya alisema kutoka nyuma, "mi naipokea."

Waligeuka wote.

"Kadi moja, suruali moja ya kaki. Ao gauni. Ao yunifomu ya mutoto wa shule, na kola. Kitambaa nanunua mimi, kesho asubuhi. Mukitaka kuvaa muvae, mukitaka kuuza muuze. Muhula wa shule unaanza mwezi ujao, na yunifomu hapa mujini iko kama ndagala na mwezi."

Kila mtu alianza kupiga hesabu. Somo la bei walikuwa wamelielewa vizuri mno. Mtu mmoja akauliza kuhusu mifuko ya nyuma. Mwingine akataka marinda. Mzee Atumani akasema yeye havai kaki, yeye ni mtu wa kanzu, na kanzu ina kitambaa kingi, kwa hiyo ni kadi mbili; wakabishana mpaka wakakubaliana moja na nusu, na nusu hiyo Asiya aliikata kwa mkasi palepale. Ildephonse alikuwa na kadi kumi na nane na miguu miwili. Alikaa chini, akafikiri, kisha akauliza kwa sauti ya karani iwapo yunifomu kumi na nane zinaweza kutoka kabla ya tarehe kumi. Scholastique alimsogelea, akamwambia ofisi yake ina akina mama tisa wenye watoto wa shule.

Hivyo ndivyo hisa za Kampuni ya Ubongo wa Chuma zilivyopata thamani, mchana ule, kwa mara ya kwanza.

*

Ilipogonga saa nane walirudi makazini. Mzee Atumani aliondoka wa mwisho, akasema atapita tena kesho, hakusema kwa nini.

Bahizire alibaki kwenye kiti cha mbele, alipokuwa amekaa Gaspard, na kadi mia mapajani. Asiya alikuwa anachora kwa chaki kwenye karatasi ya kukatia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tiketi. Dada yangu iko Ujiji. Tiketi ya ile meli naijua kwa rangi, hata bila kuisoma."

"Umeniibia."

"Apana. Mabaki ni ya fundi. Ulisema mara mbili, mara ya pili ukijitazama kwenye kioo changu."

Alifikiri kidogo. Akili yake haikuwahi kulala, hata ikiwa kaburini ingejaribu kupangisha. Aliinua fungu la kadi. "Sawa. Na mi nina kadi mia hapa, uzi wako mwenyewe. Ulisema unazipokea. Nipe suruali mia."

"Lete," Asiya alisema bila kuinua macho. "Utakuwa nyuma ya hawa wengine. Siku moja natoa suruali tatu. Baada ya miezi miwili, panapo majaliwa, utakuwa umeanza kupata. Unaweza kungojea hapa, mzee Atumani atakuwa anapita."

Bahizire aliziweka kadi chini. Alivaa koti. Lilikuwa limepanuliwa vizuri, na tiketi ilikuwa mfukoni, na hicho ndicho alichokuwa nacho duniani, pamoja na kipande cha kadi ambacho fundi alikitia ndani ya kola ya shati lake, naye hakukijua.

Alipofika mlangoni aligeuka. Yale maneno mengi, yaliyomtoa Bukavu na kumvisha suti, yalikuwa yamepungua.

"Nilikulipa kodi kila wiki," alisema. "Nilikufundisha bure, we ulikuwa hulipi ada kama wao. Mimi naondoka na mikono mitupu. Hata radhi hutaniomba? Neno moja tu, dada, niondoke nalo."

Asiya alikata kitambaa kwanza, hadi mwisho wa mstari, akaupima kwa jicho. Kisha akaziokota kadi zile mia sakafuni, akazitia kwenye jiko la pasi, akapuliza mpaka zikashika moto.

"Apana," alisema. "Siombi."